Kadi ya instrakta msaidizi inaishia wapi? Kisa cha dogo wa Mtopanga na wageni wawili wa Nairobi

Kisa chenyewe ni cha Disemba, msimu umewaka, kaskazi imetulia, maji meupe, na huku kwetu Mombasa kuanzia Nyali mpaka Shanzu kila duka la mbizi limejaa wageni, kompresa ya kujaza hewa mitungini haizimwi. Kuna duka moja dogo, jina nitaliacha, lina instrakta mmoja tu na dogo mmoja wa Mtopanga mwenye kadi ya instrakta msaidizi, yaani msaidizi wa mwalimu wa mbizi. Walikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe kutoka Nairobi, wanafanya kozi ya Open Water, ile ya kwanza kabisa inayokupa ruhusa ya kwenda mpaka mita 18 na mwenzako. Kozi ile ina mbizi nne za baharini. Tatu walishamaliza, imebaki moja, ya Jumamosi, na Jumapili jioni wana ndege ya kurudi kwao. Ijumaa usiku instrakta akashikwa na mafua.

Kwa mtu wa nchi kavu mafua ni chai ya tangawizi na kesho uko kazini. Kwa mpiga mbizi ni habari nyingine, manake ukifika mita 10 tu presha ishakuwa mara mbili ya ile ya juu, na hewa lazima ipenye mpaka nyuma ya ngoma ya sikio isawazishe. Pua ikiziba na ile njia imeziba. Ukilazimisha waweza kupasua ngoma, na ukitumia dawa ya kuzibua ikaisha nguvu ukiwa chini, kupanda ndo kunageuka kuwa mateso. Kwa hivo instrakta hakushuka, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Tajiri wa duka mwenyewe si mtu wa mbizi, ni mfanyabiashara tu, ana na mambo mengine mjini. Alfajiri akampigia dogo simu. "Wewe si una kadi? Basi wachukue wale wawili uwamalizie hiyo moja iliyobaki. Instrakta atakaa botini, saini ataweka yeye."

Ukilisikiliza haraka neno la tajiri lina mantiki bana. Dogo ana kadi, si kazi ya magendo. Wageni wameshashuka mara tatu hakuna aliyelia. Instrakta atakuwepo, kwenye boti, mita chache tu juu yao. Na ni mbizi moja. Nimesikia watu wazima wenye miaka yao baharini wakisema dogo angeenda tu, kwani iko nini. Ndo maana nimeona nikae nikiandike hiki kisa chote mwanzo mpaka mwisho, sababu naona ni kisa ambacho kila anayetaka kuwa instrakta msaidizi atakutana nacho, tena mapema kuliko anavyofikiria.

Tuanze na dogo mwenyewe. Babake mvuvi wa pweza, na yeye tangu yuko shule ya msingi ashazoea kushuka kwa pumzi yake bila mtungi bila nini. Akaanza kazi bichi kutembeza wageni na maski kwenye maji mafupi, halafu akaingizwa dukani kujaza mitungi na kusuuza wetisuti kwa maji baridi. (Kujaza mitungi watu huona ni kazi ya mtoto, na ni uongo. Jenereta ikikaa upande wa upepo na kompresa ikavuta ule moshi, mtungi mzima una sumu na mtu hajui mpaka yuko chini. Dogo alikuwa akichungulia upepo kabla hajawasha, bila kuambiwa, na hapo ndo nilipoanza kumwangalia kwa jicho jingine.) Mamake ndo alikuwa hataki. Kila akisikia mbizi kichwa chake kinaenda Likoni 2019, lile gari lililoteleza kwenye feri na wale wapiga mbizi waliolitafuta karibu wiki mbili. Kwake yeye mpiga mbizi ni mtu wa kutoa maiti.

Basi akapanda ngazi, Open Water, Advanced, Rescue, kisha daivumasta. Daivumasta waweza kuongoza watu ambao tayari wana vyeti, waweza kumsaidia instrakta, na wengi huku kwetu wanaishia hapo maisha yote na wanakula vizuri tu msimu ukiwa mzuri. Ngazi inayofuata kwa PADI, hawa watoa vyeti vya mbizi wa Marekani walioanza 1966 na ndio wanaofuatwa na maduka mengi ya huku, ni hii ya instrakta msaidizi. Masharti yake si mengi: uwe daivumasta, miaka 18 na zaidi, uwe na cheti cha mbizi kwa miezi 6 angalau, mbizi 60 kwenye logibuku, lile daftari la mbizi zako, karatasi ya daktari isiyozidi miezi 12 na mafunzo ya huduma ya kwanza yasiyozidi miezi 24. Kozi yenyewe ni nusu ya mwanzo ya ile kozi kubwa ya mainstrakta. Wenye pesa hawaoni hata kama kuna kituo hapo katikati, wanapitiliza moja kwa moja mpaka mwisho. Dogo alishuka hapo sababu mfuko uliishia hapo, na ada zenyewe zahesabiwa kwa dola, shilingi ikiteleza nawe umeteleza.

Sasa kitu kilichomsumbua kwenye kozi hakikuwa bahari hata kidogo. Kilikuwa maski.

Kuna ile mazoezi ya kutoa maji kwenye maski ukiwa chini. Dogo alipoambiwa aonyeshe kwenye bwawa alijaza maski, akapiga pumzi moja ya pua, imekauka, imechukua sekunde ngapi sijui, hata mimi niliyekuwa nimekaa ukingoni nikitazama nilikosa kuona alichofanya. Alipotoka juu anacheka, anajua amepasi. Akapewa mbili kwa tano. Akakasirika wallahi, nilimuona uso. Mwalimu wake akamwambia maneno ambayo mpaka leo nayatumia kwa wanafunzi wangu: "Umeifanya kama anayeijua. Mimi nataka uifanye kama mtu anayemwonyesha asiyeijua na anayeogopa."

Wakarudia. Kwanza anaonyesha kwa kidole, tazama hapa. Anavuta maski kidogo maji yaingie polepole mpaka machoni, anatulia, anapumua mara mbili tatu kwa mdomo maji yakiwa pale pale, mwanafunzi aone kwamba maji puani si kifo. Halafu anabonyeza fremu kwa juu, anainua uso, anatoa pumzi ya pua ndefu, mapovu yanaonekana yakitoka chini ya maski. Akibaki na maji kidogo anayaacha makusudi, arudie mara ya pili, mwanafunzi ajue ikikataa mara ya kwanza unarudia tu. Ile polepole ilimuuma dogo kuliko kuogelea mita 800. Mtoto wa bahari akiambiwa punguza mwendo anaona anatukanwa. Lakini ndo kozi yenyewe hiyo, mbizi unakuja nayo kutoka kwenu, pale wanakufundisha kumtazama mtu mwingine, umuone anavyoshika kamba kwa nguvu, umuone macho yakipanuka kabla hajaruka kwenda juu. Daivumasta aweza kumuonyesha mgeni kasa na chewa akarudi juu amefurahi. Ukishakuwa msaidizi wa mafunzo ukimtazama kasa kwa muda mrefu ujue umemwacha mtu.

Kadi yampa nini basi? Aweza kufundisha darasani, kufanya mazoezi ya bwawani pamoja na ile ya kuonja mbizi kwa mara ya kwanza ikiwa ni bwawani, aweza kufundisha kozi fupi ya kukaa sawa majini bila kugusa chini wala kupaa, na aweza kusimamia mambo ya juu ya maji instrakta akiwa karibu. Baharini ni msaidizi. Kwenye mbizi za Open Water instrakta mmoja anaruhusiwa wanafunzi 8, kila msaidizi mwenye cheti anaongeza wawili, mwisho 12. Sasa machoni mwa tajiri msaidizi ni viti viwili zaidi kwenye boti, na siwezi kusema anakosea kwa hesabu zake.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hesabu hiyo haikigusi, na siku ile ndo kilikuwa kimebaki. Wale wageni walikuwa hawajafanya kupanda kwa dharura. Siku ya mbizi ya tatu kulikuwa na mawimbi juu, instrakta akaahirisha, sawa kabisa. Kupanda kwa dharura ni hivi: mwanafunzi yuko kati ya mita 6 na 9, anajifanya hewa imekwisha, anapanda kwa pumzi moja regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, ikiwa mdomoni, huku akitoa sauti njia nzima, aaaa, mpaka juu. Sauti ile si mchezo. Kadiri unavyopanda presha yapungua na hewa iliyo kifuani inapanuka, na ukifunga pumzi kwa woga pafu laweza kupasuka, hata kutoka kina cha kidimbwi tu, si lazima uwe mbali. Ndo maana instrakta anamchukua mwanafunzi mmoja mmoja, anamshika yeye kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono wa pili, sauti ikikatika anamsimamisha pale pale. Zoezi hilo msaidizi hapewi. Awe mtoto wa mvuvi, awe na mbizi elfu, hapewi.

Kwa hivo lile neno la "instrakta atakaa botini" linaanguka hapo. Aliye botini anaona mapovu.

Dogo alinipigia simu kabla hajatoka nyumbani. Nami nilikuwa na boti yangu imejaa siku hiyo, singeweza kwenda kuwashusha. Nilimwambia usibishane kwa simu, nenda dukani, na umwambie instrakta naye aje, hata na mafua yake, akae kiti. Sikumwambia la kusema. Aliyoyasema ni yake mwenyewe na nimeyapata kwa nahodha wao, mzee ambaye haongezi chumvi.

Tajiri alikuja. "Mwanangu, sasa hiyo kadi ina kazi gani?"

"Ina kazi ya kusaidia, tajiri. Leo sina wa kumsaidia."

"Instrakta si atakuwa botini?"

"Atakuwa botini. Yule mama akifunga pumzi huko chini, atamshika kutoka botini?"

Nahodha naye akatia lake, kwamba ni bamvua, na saa waliyopanga maji yatakuwa yanapwa, yanatoka kwa kasi pale mlangoni kwenye mwamba na yanatoka na mchanga, hata angekuwa instrakta mzima yeye angesubiri maji yajae. Tajiri hakulipenda hilo, lakini nahodha ni nahodha, hata tajiri hamfokei mbele za watu.

Wageni walikuwa wamekaa pale wanasikia nusu. Hapo ndo mimi naona dogo hakucheza vizuri, alianza kubishana na tajiri mbele ya wageni, na mgeni akisikia watu wa duka wanavutana kuhusu usalama wake, imani yote yaondoka, hata ya siku ambazo mambo yalikuwa sawa. Angemwita tajiri pembeni kule kwenye mitungi. Haki alikuwa nayo, mahali ndo hapakuwa.

Yule mwanamume akasema, "Lakini bro, jana tulikuwa poa kabisa, na kozi tumelipa yote." Dogo akamwelezea, na hili alilifanya vizuri, hakumtisha, hakutaja mapafu kupasuka, alimwambia tu kuna zoezi moja limebaki ambalo mwalimu anawashika kwa mkono, mwalimu leo hawezi kushuka, na yeye cheti chake hakimruhusu kulifanya, akawaonyesha kadi imeandikwa nini. Mkewe ndo alielewa kwanza. Mume akaja na wazo lake: basi tufanye Jumapili asubuhi akipatikana mtu, ndege tuiache, tupande treni ya SGR, kwani shida si ni ndege?

Hili wazo nimelisikia mara nyingi tangu Madaraka Express ianze 2017 na lazima lisemwe vizuri. Kinacholeta shida kwa mpiga mbizi ni kupanda juu, ndege ni njia moja tu ya kupanda. Ushauri wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wapiga mbizi, ni usipande ndege mpaka zipite saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 kama umefanya nyingi au siku kadhaa mfululizo, na umewekwa kwa mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400 hivi juu ya bahari. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na treni inakutoa usawa wa bahari kule Miritini mpaka huko kwa masaa tano sita. Naitrojeni iliyobaki mwilini baada ya mbizi haiulizi umekata tiketi gani. Dogo alijua hili, na instrakta, ambaye ndo alikuwa amefika na tishu zake na chupa ya chai, akaunga mkono. Jumapili ikafutwa.

Hebu sasa tuone siku ilivyokwenda, manake kukataa ni kitu kimoja na kubaki na wageni wawili waliokasirika saa tatu asubuhi ni kitu kingine. Dogo akawapeleka bwawani. Instrakta akakaa ukingoni kwenye kiti cha plastiki anapiga chafya, anatazama, na hiyo kisheria iko sawa kabisa kwa mambo ya bwawani. Mume alikuwa na tatizo ambalo hakuna aliyeligusa siku zote tatu sababu baharini kuna samaki na watu hawatazami: alikuwa amebeba risasi nyingi kiunoni, vile vipande vya uzito vya kumshusha, kisha anajaza hewa kwenye jaketi ya mbizi kufidia, kwa hivo yuko nusu wima kama amesimama kwenye foleni, anapiga mapezi chini na kutifua mchanga, na hewa yake inaisha haraka kuliko ya mkewe. Dogo akampunguzia vipande, akamwambia alale majini, apumue, atazame vile mwili unapanda kidogo akivuta na kushuka kidogo akitoa. Ilichukua muda. Mara ya kwanza akapaa mpaka juu, mara ya pili akakaa chini kwa makalio. Baadaye akatulia, mikono imekunjwa, pale katikati ya bwawa haendi juu haendi chini, na nahodha asema mkewe alikuwa anapiga makofi chini ya maji ambayo hayana sauti.

Hiyo ndo kazi ya msaidizi. Ukiniuliza mimi, mbizi ya nne ya baharini na mtu amesimama wima vile angekanyaga matumbawe njia nzima, na hapa tuko ndani ya Mombasa Marine, eneo linalolindwa tangu 1986, watu wa KWS, shirika la wanyamapori, hawapendi na wana haki.

Na vyeti? Hapa instrakta ndo aliokoa siku, tajiri hakuwa anajua. Mtu akishamaliza nusu ya mwanzo ya kozi, pamoja na mbizi mbili za baharini, aweza kupewa cheti cha Scuba Diver, mwisho mita 12 na lazima awe na mtaalamu. Hawa walikuwa na tatu. Akawaandikia hicho, pamoja na karatasi ya rufaa ambayo inawapa miezi 12 kumalizia popote, kwa instrakta yeyote, bila kurudia kozi. Mume akauliza kama kwa hicho cheti bado wataiona Dania, manake tajiri alishawaahidi. Dania ni ile meli iliyozamishwa makusudi 2002 huko mbele ya Bamburi, imekaa kwenye kama mita 30. Hata wangemaliza Open Water wangeishia 18. Sijui tajiri alikuwa anauza nini.

Swali lililobaki kwangu ni kama dogo angekuwa na sababu ya kukubali, hata moja. Nimelizungusha. Tuseme kupanda kwa dharura kulishafanywa, tuseme maji yamejaa na yametulia. Bado mbizi ya nne ina mazoezi yake ambayo instrakta anatakiwa awe majini ayaone kwa macho yake, na saini yake inasema ameyaona. Saini ya aliyekaa botini ni uongo, na siku mgeni akiumia kule Zanzibar au Misri, logibuku yake itafunguliwa na waulize nani alimfundisha. Hapo atakayejibu ni mwenye jina, si tajiri. Dogo yeye angepoteza kadi kabla hata hajailipia yote. Kwa hivo hapana, sioni.

Ninachokubaliana na tajiri ni kwamba duka lenye instrakta mmoja msimu wa Disemba ni kamari, na hilo halimhusu dogo. Ingekuwa wamepatana mapema na duka la jirani, leo wako mgonjwa nakushushia, kesho wangu unanishushia, wageni wangemaliza Jumamosi ile ile maji yalipojaa. Hapa pwani tunaazimana mitungi, tunaazimana boti, mainstrakta tunafichana.

Mkewe alirudi mwezi wa pili na rafiki zake akamalizia kwa instrakta yule yule, zoezi la dharura akalipita mara ya kwanza. Mume hajarudi, asema kazi. Dogo alikatwa hela ya siku, tajiri alimwambia siku ile hakuna boti iliyotoka, bwawani si kazi. Nilimwambia aandike kwenye daftari lake kazi aliyofanya, saa kwa saa, na instrakta aweke saini, manake ndo uthibitisho wake wa kufundisha na hakuna anayeweza kuukata. Sasa anakusanya pesa za nusu iliyobaki ya kozi, na mbizi pia, sababu mtihani wa mwisho wa mainstrakta wataka 100 na yeye bado yuko njiani. Kusi ikiingia Aprili bahari inachafuka na boti nyingi zinapandishwa pwani, kwa hivo ana mpaka mwisho wa Machi, na kila nikiwa na nafasi botini namwita, abebe mitungi ya kulipia kiti.